Kopo la Dhahabu, Kijiko cha Kijani

Nimestaafu nikiwa na miaka arobaini na minane. Hapa London mtu wa umri wangu akisema amestaafu, watu hudhani ameshinda bahati nasibu au amefukuzwa. Mimi nimestaafishwa na goti. Daktari alilipapasa kama mtu anayechagua parachichi, akaniambia nisipige magoti tena, na kazi yangu yote ilikuwa kupiga magoti.

Ninyi mnaobaki kwenye rafu za watoto mliniomba, siku ile ya keki iliyoandikwa jina la mtu mwingine, niwaachie maandishi ya ninachokijua. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuvipata, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, kwa sababu ndiyo niliyoyabeba, nikayapanga, nikayafunga tagi, na mwisho nikayakosea.

Nilianzia tawi la Croydon. Nilikuwa nimefika mjini humo kwa shughuli moja tu, kupanga foleni kwenye lile jengo kubwa la uhamiaji, na foleni iliponimaliza nguvu nikaona duka kubwa limebandika tangazo la kazi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne kutoka Kigoma na koti la kuazima. Kabla ya hapo nilikuwa nimeishi Mwanza, Nairobi na Dubai, na kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kukumbuka mahali nilipotoka. Meneja aliniuliza kama nina uzoefu wa rejareja. Nikasema ndiyo. Niliwahi kuuza dagaa.

Siku ya kwanza nilipewa kisu cha kukatia maboksi, skana, na kidude cha sumaku cha kufungulia tagi za kuzuia wizi. Msimamizi wangu, mama mmoja wa Kiingereza mwenye mkufu wa msalaba, alinipeleka kwenye rafu ya maziwa ya watoto. Kila kopo lilikuwa na tagi kama chupa ya manukato.

"Nani anaiba maziwa ya mtoto?" nikamuuliza.

"Mama zao," akasema, akaendelea kunionyesha jinsi ya kupanga tarehe za zamani mbele na mpya nyuma.

Jibu lile halikunitoka. Lakini kazi ni kazi, nikajifunza ramani ya rafu. Usawa wa macho ya mteja hukaa kopo la dhahabu, lenye dubu aliyevaa taji. Chini yake makopo mengine yenye ngao, nyota, na maneno kama ya hospitali. Chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, hukaa pakiti ya kijani ya duka lenyewe, isiyo na dubu wala taji, imeandikwa tu kwamba ni maziwa. Aliyepanga hivyo hakuwa mjinga. Mteja asiyetaka kuinama hununua taji. Anayeinama ni yule ambaye hana njia, na huyo huinama haraka huku akiangalia kulia na kushoto kama anayefunga kamba ya kiatu.

Goti langu, vijana, liliharibiwa na ile pakiti ya kijani. Dubu nilimpanga nikiwa nimesimama wima kwa heshima zote.

Baada ya miaka michache nikaomba uhamisho kwenda tawi la Neasden. Meneja aliuliza sababu. Nikasema nimechoka na tramu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kukumbuka mahali nisipopajua. Neasden nikamkuta mwalimu wangu, Bi Kokila, Mhindi mzaliwa wa Mwanza, aliyefanya kazi kwenye rafu ya watoto muda mrefu kuliko mtu yeyote katika kampuni ile. Asubuhi alikwenda hekaluni kwao, kisha akaja kazini na chapati zimefungwa kwenye karatasi ya alumini. Aliposikia natokea Kigoma, aliacha Kiingereza palepale.

"Baba, umepanga haya makopo mwaka wa ngapi?"

"Wa sita, Bi Kokila."

"Umewahi kugeuza moja?"

Sikuwahi. Akageuza la dhahabu na la kijani, akayaweka sambamba, akanikabidhi miwani yake. Nikasoma herufi za nyuma, zile ndogo kama siafu. Mafuta, protini, madini ya chuma, vitamini, orodha mbili zilizofanana kama mapacha waliovalishwa nguo tofauti.

"Sheria ya hapa inataka maziwa yote ya mtoto mchanga yawe na lishe kamili," akasema. "Yasiyotimiza hayaingii dukani. Na sheria hairuhusu kuyatangaza wala kuyawekea ofa. Sasa kama huwezi kupunguza bei na huwezi kutangaza, unafanya nini?"

"Unavalisha dubu taji."

"Haya. Rudi kazini."

Hapo ndipo nilipoharibika. Mtu akijua jambo moja ambalo wenzake hawalijui, hulala vibaya. Nilianza kutazama wateja kama daktari anayetazama watu wakivuta sigara. Namkumbuka baba mmoja mwenye suti nzuri, amesimama mbele ya rafu, simu sikioni, jasho linamtoka.

"Anasema ile ya dubu," akaniambia.

"Dubu wapo wawili, bwana. Mwenye taji na asiye na taji."

Akamuuliza mkewe. Akasikiliza. "Anasema ni swali gani hilo."

Akachukua mwenye taji, na mwingine mwenye taji kwa ajili ya safari. Nikamfungulia tagi zote mbili. Sisi wa rafuni hatutakiwi kumshauri mteja maziwa gani amnunulie mtoto wake. Tulifundishwa hivyo kwenye kompyuta, na mwisho wa somo kuna maswali matano. Nilipata yote.

Bi Kokila alipostaafu, kustaafu kwa heshima kwa watu wa umri wake, Neasden ikawa imenichosha, nikaomba kwenda Barking. Huko ndiko nilikotenda kosa ambalo ndilo sababu hasa ya kuandika haya.

Barking ina watu wetu wengi. Waliokuja dukani kwangu zaidi walikuwa Wakongo wa mashariki, wa Bukavu na wa Uvira, huko ng'ambo tu ya ziwa letu la Tanganyika, wafanyakazi wa usafi na wa nyumba za wazee. Wana desturi nzuri. Mtoto akizaliwa, akina mama wa kanisani huja kumtazama, na hawaji mikono mitupu. Wanakuja na kopo la maziwa. Kopo huwekwa juu ya kabati la televisheni, uso ukitazama sebuleni, na kila anayeingia husalimia kwanza kopo, kisha mtoto. Dubu mwenye taji maana yake ukoo unajiweza. Pakiti ya kijani maana yake tuwaombee.

Tatizo ni kwamba zawadi huja mara moja, na mtoto hula kila siku. Nikawaona akina mama waliokuja kuinama chini ya rafu, wanachukua kijani, wanaificha chini ya mboga. Mmoja wao alikuwa Furaha. Mzaliwa wa Uvira, anasafisha ofisi, amejifungua kwa upasuaji na maziwa ya kifuani yakakauka mapema. Mtoto aliitwa Rehema.

"Papa Shabani," aliniambia, "mimi mwenyewe najua hii ya chini iko sawa. Ulinisomea. Lakini mama-mkwe yangu anaishi kwetu sasa. Akiona hii, atasema sipendi mutoto."

Na mimi, badala ya kukumbuka yale maswali matano ya kompyuta, nikajiona mkombozi. Makopo ya dubu yanayofika dukani yamebonyea hayauzwi. Unga humwagwa, kopo hutupwa. Nilikuwa na droo ya chini stoo. Nikaanza kuyaokota yale matupu, kuyanyoosha, kuyaosha, kuyakausha vizuri, na kuwapa wale wanaoinama.

"Mimina humo," nikamwambia Furaha. "Dubu akae kabatini, mtoto ale kijani, kila mtu afurahi."

Alicheka mpaka akashika kidonda cha upasuaji. Nami nikatembea siku ile kama mtu aliyepewa nishani. Mmoja akamwambia mwenzake, na kabla ya wiki ya pili kwisha nilikuwa nimevika taji familia tano.

Baada ya wiki mbili Furaha akarudi, na hakucheka. Alisimama mbele ya rafu akiwa na koti la kazi, macho yamevimba.

"Ile maziwa haimushibishe mutoto. Anamaliza chupa, analia. Unamuongezea, anamaliza, analia. Nesi amekuja kumupima. Kilo haipande. Amesema anarudi kesho kutwa, na kama bado, tutaenda hospitali."

"Umemweleza nesi unampa maziwa gani?"

"Aliuliza, na mama-mkwe alikuwa pale. Akajibu yeye: ya dubu. Nesi akaandika dubu." Akashusha sauti. "Papa Shabani, mimi naogopa. Wataandika kwamba sijui kulisha mutoto. Watu ya serikali watamuchukua. Na ni kweli, nilimupa maziwa ya masikini. Haishibishe."

Akanyoosha mkono kwenye usawa wa macho, akachukua kopo halisi la dubu, akalitazama, akalirudisha, akaondoka bila chochote. Kwa mara ya kwanza tangu Neasden nikaanza kumtilia shaka Bi Kokila. Labda taji lina kitu. Labda yale maandishi ya nyuma huandikwa na watu kama mimi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Asubuhi nilikuta pakiti ya kijani imepasuka kwenye boksi, unga umemwagika rafuni. Nilipokuwa nafagia, kikaanguka kijiko cha plastiki cha kupimia, kile kinachofukiwa ndani ya unga. Nikakitazama. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukiona cha kijani, maana nafunga tagi, sifungui pakiti. Binti yangu alilelewa na mama yake huko kaskazini, na sijawahi kumkorogea mtoto yeyote chupa hata moja.

Nikakimbilia stoo, kwenye droo yangu, nikachukua kopo moja la dubu lenye kijiko chake kilichobaki chini ya kifuniko. Nikaviweka pamoja. Kijiko cha dubu kilikuwa kidogo kuliko cha kijani, karibu robo nzima. Unga wa dhahabu ni mzito na umeshikana, kidogo tu kinatosha. Wa kijani ni mwepesi kama sembe iliyochekechwa, unahitaji kijiko kikubwa. Kila kampuni hutengeneza kijiko kwa ajili ya unga wake.

Furaha alikuwa amemimina unga wa kijani kwenye kopo la dhahabu, pakiti akaitupa pamoja na kijiko, na akawa anapima kwa kijiko cha dubu. Mtoto alikuwa anakunywa maji meupe. Na aliyempa lile kopo ni mimi.

Nilimpigia simu mara nne, hakupokea. Nikamwambia meneja naumwa goti, ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa haliumi, nikanunua pakiti ya kijani, nikapanda basi kwenda kwake Furaha.

Mlango ulifunguliwa na Furaha. Nyuma yake sebule ilikuwa imejaa akina mama waliotoka ibadani, vitenge vya sare, sahani za sambusa. Juu ya kabati, dubu wangu na taji lake. Kwenye kiti kikubwa alikaa mama-mkwe, Mama Nabintu, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya, amempakata Rehema anayelia kwa sauti nyembamba. Alikuwa ameshachukua madaraka ya chupa.

"Karibu, ndugu. Wewe ni nani?"

"Mimi ni Shabani, mama. Wa dukani."

"Wa dukani anatembelea watu Jumapili?"

Furaha, nyuma yake, alinitikisia kichwa. Usiseme. Nikaona uso wake, nikaona na uso wa mtoto, nikachagua njia ya mwoga. Nikatoa kijiko cha kijani mfukoni.

"Tunabadilisha vijiko, mama. Tangazo la kampuni. Vile vya zamani vina kasoro kidogo. Kuanzia leo mpime kwa hiki."

Mama Nabintu akakipokea, akakigeuza. Akamwita mmoja amletee kile cha ndani ya kopo. Akaviweka kiganjani.

"Hii ni kubwa."

"Ndiyo, mama."

"Kopo ya dubu, kijiko ya dubu. Sasa unaniletea kijiko bila dubu. Kampuni gani inatengeneza taji, inasahau kijiko? Unataka nimupe mutoto unga mingi tumbo ifunge? Ndugu, sema kweli ao urudi dukani."

Alikuwa na haki. Kama ndani kungekuwa na dubu kweli, kijiko changu kingemdhuru mtoto. Uongo wangu wa pili ulikuwa hatari kuliko wa kwanza. Nikafungua mdomo, lakini Furaha alitangulia.

"Mama, ndani haiko ya dubu."

Akina mama wakaweka sahani chini. Hata mtoto alivuta pumzi.

"Ni ya kijani," akasema Furaha. "Ya chini kabisa. Namimina. Papa Shabani alinipa kopo tupu. Tangu wiki mbili."

"Na kosa ni langu," nikasema. "Maziwa ni mazima, mama, yana kila kitu. Ila kila unga una kijiko chake, nami sikumwambia, kwa sababu sikujua. Mtoto hakulishwa vibaya na mama yake. Amepunjwa na mimi."

Mama Nabintu alilinyooshea kopo kidole.

"Wiki mbili," akasema polepole. "Nilisimama mbele ya kanisa nikashukuru kwa ajili ya hii kopo. Nikasema mwana wangu anamupa mutoto dubu. Watu wakapiga makofi." Akanigeukia. "Mulinisimamisha nitoe ushuhuda ya kopo tupu!"

Kisha pale kwenye kochi, mama mmoja mwembamba niliyemjua vizuri, ingawa ndani ya nyumba ile tulijifanya hatujuani, akakohoa. Aliitwa Mama Esperance, ana mtoto wa miezi miwili.

"Papa Shabani," akasema akiwa anatazama sahani yake, "hiyo kijiko... ulikuja na moja tu?"

Mwingine, karibu na dirisha, akasimama na kuanza kutafuta viatu vyake. "Mimi nimekumbuka kitu nyumbani," akasema. Hakuna aliyemuuliza ni kitu gani.

Mama Nabintu akawatazama mmoja mmoja, kundi zima la taji. Nilidhani atatufukuza wote. Badala yake akanikabidhi kijiko kikubwa.

"Simama pale jikoni. Onyesha. Na nyinyi kujeni muone, hakuna mwenye kwenda."

Nikasoma nyuma ya pakiti kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya akina mama saba. Maji yaliyochemka, yakiwa bado ya moto, yasizidi nusu saa tangu yatoke jikoni. Maji kwanza, unga baadaye. Kijiko kijazwe bila kushindiliwa, juu kisawazishwe. Nikasawazisha kwa mgongo wa kisu cha siagi. Furaha akakoroga, akaipoza chupa chini ya bomba, akadondosha tone kwenye kiganja cha mkono, akampa Rehema.

Alinyonya bila kuacha, ngumi zikafunguka moja baada ya nyingine. Ilipobaki kidogo akaiachia chupa mwenyewe, akalala mdomo wazi. Mama Esperance akaanza kusema jambo.

"Funga mdomo," akanong'ona Mama Nabintu. "Mutoto amelala."

Nesi alipokuja, Furaha alimweleza yote mwenyewe, na mama-mkwe alikaa kimya, jambo ambalo naambiwa halikuwahi kutokea. Nesi hakumchukua mtoto. Alimwita daktari ampime, akaandika upya, akarudi kila siku chache, na mizani ikaanza kupanda.

Mimi nilizunguka nyumba nne zilizobaki, basi kwa basi, nikiwa na vijiko mfukoni, nikiwaambia wote wamwite nesi. Kisha nikamwambia meneja. Alinipa barua ya onyo na somo jipya la kompyuta kuhusu utupaji salama wa vifungashio, maswali kumi. Hakuna hata moja lililotaja kijiko.

Kwa hiyo ninyi mnaobaki: mkifungua droo ya chini stoo mtakuta makopo mawili ya dhahabu. Yabonyezeni kabisa kabla ya kuyatupa. Mteja akiwauliza tofauti ya juu na chini, hamruhusiwi kushauri, lakini hakuna sheria inayowazuia kugeuza kopo na kumshikia miwani.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya keki, Mama Nabintu alikuja na kigari cha mtoto, kapu lake la chini limejaa mboga. Rehema alikuwa amenenepa mikono mpaka ina mikunjo. Bibi yake alisimama katikati ya njia, foleni nzima ikimsikia.

"Wa dukani! Nipe ile ya chini. Ya kijani. Njo ile ilinenepesha mujukuu wangu!"

Nikasogea, nikaanza kushuka, goti likakataa njiani. Nikabaki nimeshika rafu, nusu juu nusu chini, uso kwa uso na dubu.

"Ondoka," akasema. Akashikilia kigari kwa mkono mmoja, akainama mwenyewe, vitenge vyote, akilalamika mpaka chini, akaibuka na pakiti. Hakutazama kulia wala kushoto. Aliigeuza, akaitikisa kwenye sikio.

"Kijiko iko ndani?"

"Kimo, mama."

"Iko kubwa?"

"Kikubwa, mama."

Akaiweka juu ya mboga.